Lenzi ya Jicho na Udanganyifu wa Ukuzaji

Darubini nyingi ndogo zinazouzwa madukani huja ndani ya boksi lenye namba kubwa ubavuni: 525x, pengine 675x. Namba hiyo ina hesabu yake, na hesabu yenyewe haina kosa. Chukua darubini ya kawaida ya aina hiyo, yenye lenzi ya mbele ya kipenyo cha milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ukiitia lenzi ya jicho ya milimita 4, unagawa 700 kwa 4 na kupata ukuzaji wa mara 175. Ukiongeza kile kipande cha kuzidisha mara tatu kilichomo ndani ya boksi hilohilo, unafika 525. Lakini mwanga wote ulioingia kwa mlango wa milimita 60 sasa unatoka kwa uzi wenye unene wa milimita 60 ugawanye kwa 525, yaani kama sehemu moja ya tisa ya milimita. Sayari inayotazamwa kupitia uzi huo ni doa la kijivu lisilo na ukingo, linalotikisika kila mkono unapogusa miguu ya darubini. Kanuni iliyozoeleka kwa watazamaji wa nyota ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi takriban mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo. Kwa darubini hii ni mara 120, na hapo ni pale tu hewa inapotulia. Kinachoumiza ni kwamba ndani ya boksi hilo mna lenzi nyingine ya jicho, ya milimita 20, inayokuza mara 35 tu. Hiyo ndiyo ingempa mnunuzi milima ya mwezi, miezi minne ya Mshtarii na Kilimia chote kwa mara moja, lakini namba ya kwenye boksi imeshamfundisha kuidharau.

Historia ya lenzi ya jicho inalipinga boksi hilo kwa ushahidi wa karne nne. Tangu darubini ilipotokea Ulaya, ukuzaji ulikuwa jambo jepesi kuliko yote kulipata. Kipande kidogo cha kioo kilichobinuka sana kinatosha. Walichokihangaikia mafundi na wanaanga, kizazi baada ya kizazi, kilikuwa upana wa anga linaloonekana bila kusogeza chombo, usafi wa taswira kutoka katikati hadi pembeni, na nafasi ya kuliweka jicho bila kuteseka. Karibu kila hatua kubwa katika kioo hiki kidogo ilichukuliwa kwa ajili ya mambo hayo. Nadhani mtu anayetaka kuchagua lenzi ya jicho leo ataielewa vizuri zaidi kwa kuufuata mwendo huo kuliko kwa kusoma matangazo.

Hans Lipperhey, fundi wa miwani wa Middelburg, alipeleka ombi lake la hataza mjini The Hague mwezi Oktoba 1608. Chombo cha siku hizo kilikuwa na lenzi iliyobinuka mbele na lenzi iliyobonyea upande wa jicho, na huo ndio muundo alioutumia Galileo alipoiboresha darubini yake hadi ukuzaji wa takriban mara 20. Taswira ilisimama wima, jambo lililowafurahisha wafanyabiashara na wanajeshi waliotaka kuona meli na ngome. Anga, hata hivyo, lilionekana kama kupitia tundu la ufunguo. Galileo aliweza kuona kwa wakati mmoja kama nusu tu ya upana wa mwezi. Zidisha nusu ya mwezi kwa 20 na utakuta kwamba picha yote iliyolifikia jicho lake ilikuwa na upana wa nyuzi 5 hivi. Katika kijitabu alichokichapisha Venice mwezi Machi 1610 alichora Kilimia chenye nyota 36, ilhali jicho tupu huona sita au saba. Kundi hilo, ambalo wakulima wengi wa Afrika Mashariki wamelitumia kujua majira ya kulima, limetandaa zaidi ya nyuzi 1, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Kwa darubini yake Galileo hakuweza kukiona Kilimia chote kwa pamoja. Ilimbidi akichunguze kipande kwa kipande na kuviunga vipande hivyo kwenye karatasi. Ugunduzi wake wa miezi ya Mshtarii unastahili heshima zaidi mtu akijua kwamba aliufanya kwa tundu jembamba namna hiyo.

Johannes Kepler alionyesha njia nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1611, Dioptrice: lenzi ya jicho nayo iwe ya kubinuka. Taswira inageuka juu chini, lakini upana unaongezeka sana. Kuna faida ya pili iliyochukua miaka kujulikana. Katika muundo wa Kepler mwanga hukutana ndani ya bomba na kufanya taswira halisi mbele ya lenzi ya jicho, hivyo kitu chochote chembamba kikiwekwa hapo huonekana wazi pamoja na nyota. Takriban mwaka 1640 Mwingereza William Gascoigne aliligundua hilo kwa msaada wa buibui aliyetanda uzi wake ndani ya bomba lililoachwa wazi. Alipotazama akaona uzi ule ukiwa umekatiza picha, mkali kama mstari wa kalamu, na akatambua kwamba sasa angeweza kupima mbinguni. Tangu hapo darubini ikawa chombo cha kupimia, na haikufika huko kwa kukuza zaidi.

Karne ya 17 ilikuwa na tatizo lililoulazimisha ukuzaji hata pale ambapo haukutakiwa. Lenzi moja ya mbele hutawanya rangi, na nyota hupata pindo jekundu na la buluu. Dawa iliyojulikana ilikuwa kusaga lenzi yenye mbinuko mdogo sana, ambayo huutawanya mwanga kidogo lakini huufikisha kwenye fokasi mbali mno. Johannes Hevelius wa Danzig alijenga darubini ya futi 150, takriban mita 46, ikining'inia kwa kamba kwenye mlingoti, na upepo mdogo ulitosha kuiyumbisha. Kwa fokasi ndefu hivyo, lenzi yoyote ya jicho itakuza sana, na anga linaloonekana litakuwa jembamba. Mdachi Christiaan Huygens aliishi katikati ya tatizo hili. Yeye na kaka yake Constantijn walisaga lenzi zao wenyewe, na mwezi Machi 1655, kwa darubini ya futi 12 iliyokuza mara 50 hivi, Christiaan aliona mwezi wa Zohali tunaouita Titan. Hata maelezo sahihi ya pete ya Zohali, aliyoyachapisha mwaka 1659, hayakutokana na ukuzaji wa ajabu. Yalitokana na lenzi safi na jicho lenye subira.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1660, Huygens alitengeneza lenzi ya jicho ya vioo viwili. Kila kimoja kilikuwa bapa upande mmoja na kimebinuka upande mwingine, na vilitenganishwa kwa nafasi maalumu, ubapa ukilielekea jicho. Kioo cha kwanza huikamata miale iliyokuwa inakwenda kupotea pembeni na kuirudisha kwenye kioo cha pili, na hapo ndipo upana unapopatikana. Nafasi ikiwa sawasawa, rangi ambazo kioo cha kwanza kimezitenganisha, cha pili huzikutanisha tena, hata kama vyote viwili ni vya kioo cha aina moja. Muundo huu ulidumu kwa karne tatu kwa kuwa ulikuwa wa bei nafuu na haukuhitaji gundi. Ukosefu wa gundi uliwafaa waliotupa taswira ya jua kwenye karatasi, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuyeyuka. Udhaifu wake ni kwamba unataka darubini ndefu. Ukipewa mwanga unaoingia kwa pembe kali kutoka kwenye darubini fupi, pembeni mwa picha huharibika vibaya. Tutaukuta udhaifu huu tena mbele.

Jesse Ramsden, fundi wa London, aligeuza mpangilio. Katika maelezo yake ya mwaka 1783 kwa Royal Society, vioo viwili vilitazamana kwa pande zao zilizobinuka, na fokasi ikahamia nje, mbele ya vyote viwili. Kwa hiyo nyuzi za kupimia zingeweza kukaa mahali pake bila kuguswa, na lenzi za jicho zikabadilishwa kadiri mtu atakavyo bila kuharibu kipimo. Ramsden huyohuyo ndiye aliyemtengenezea Giuseppe Piazzi wa Palermo chombo kikubwa cha duara la kupimia, kilichokamilika mwaka 1789. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, Piazzi alikuwa akipima mahali pa nyota kwa chombo hicho alipoona nukta ambayo siku zilizofuata haikubaki mahali pake. Ilikuwa Ceres, ya kwanza kugunduliwa miongoni mwa sayari ndogo zilizo kati ya Mirihi na Mshtarii. Hakuna ukuzaji ambao ungeigeuza Ceres kuwa duara mbele ya macho yake. Ilijulikana kwa kuwa mahali pake palipimwa, na palipimika kwa kuwa fundi alikuwa ameweka nyuzi penye fokasi.

Hapa msomaji anayeijua historia atataja jina la William Herschel, na pingamizi lake ni zito. Herschel, mwanamuziki kutoka Hanover aliyehamia Bath, aliigundua Uranus tarehe 13 Machi 1781 akiwa na kioo cha inchi 6 na robo alichokisaga mwenyewe, na alijivunia ukuzaji ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Mwaka 1782 ilimbidi aandike kujibu mashaka ya wenzake, kwa sababu alikuwa ametaja ukuzaji wa zaidi ya mara 6,000. Kwa darubini yake ya futi 7 hilo linamaanisha lenzi ya jicho yenye fokasi ya kama theluthi moja ya milimita, tone la kioo dogo kuliko punje ya ulezi. Je, huyu si shahidi kwamba ukuzaji ndio uliomfikisha alipofika? Yafuate aliyoyafanya usiku ule wa Machi, na jibu litakuwa tofauti. Alipoiona ile nukta alikuwa na lenzi ya kukuza mara 227, na jicho lake lililozoea lilimwambia kwamba haifanani na nyota. Akabadilisha, akaweka ya 460, kisha ya 932. Alijua kwa uzoefu kwamba nyota hazinenepi kwa kadiri ile ile ukuzaji unapoongezwa, lakini kitu chenye mwili hunenepa. Na kitu hiki kilinenepa. Alidhani ni nyota mkia, na wengine ndio walioonyesha baadaye kwa hesabu za njia yake kuwa ni sayari. Lenzi tatu zilikuwa vyombo vya ulinganisho. Angekuwa na ile ya 932 peke yake, kwanza asingelikuta lile doa katika anga finyu hivyo, na pili asingekuwa na cha kulilinganisha nacho.

Kuna ushahidi mwingine kutoka kwa Herschel mwenyewe. Yeye alipendelea lenzi ya jicho ya kioo kimoja, kwa sababu alipoilinganisha na ya vioo viwili ya nguvu ileile aliona kioo kimoja kina mwanga na ukali zaidi, na mikanda ya Zohali aliyoiona kwa kioo kimoja ilimpotea kwa viwili. Lakini katika andiko lilelile aliweka mpaka: kanuni hiyo haihusu kazi zinazohitaji anga pana. Na kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya aina hiyo. Kuanzia mwaka 1783 aliifagia mbingu ya kaskazini kwa darubini ya futi 20, dada yake Caroline akiandika, hadi wakaorodhesha takriban mafungu na mawingu ya nyota 2,500. Kwa kazi hiyo alichagua ukuzaji wa mara 157. Anga lililoonekana lilikuwa na upana wa nusu ya mwezi, sawa na la Galileo, ila safari hii picha ilijaza nyuzi 39 mbele ya jicho badala ya 5, na uzi wa mwanga uliotoka ulikuwa na unene wa milimita 3, wa kutosha kuonyesha ukungu hafifu. Mtu aliyeweza kukuza mara 6,000 alitumia miaka yake mingi kwenye 157. Sijui ushahidi ulio imara kuliko huo.

Karne ya 19 ni ya Wajerumani na Waaustria, na hatua zake zilifuatana haraka. Carl Kellner wa Wetzlar, mwaka 1849 akiwa kijana wa miaka 23, alichukua muundo wa Ramsden na kuweka upande wa jicho kioo pacha: vipande viwili vya aina tofauti za kioo vilivyogandishwa pamoja, kimoja kikisahihisha rangi za kingine. Alifariki mwaka 1855, na karakana yake baadaye ikawa mzizi wa kampuni ya Leitz. Georg Simon Plössl wa Vienna alitumia vioo pacha viwili mwaka 1860. Ernst Abbe wa Jena, mwaka 1880, aligandisha vioo vitatu na kuongeza kimoja, akapata lenzi ambayo mstari mnyoofu ulibaki mnyoofu hadi ukingoni. Abbe aliitaka kwa ajili ya kupima chini ya hadubini, na wanaanga wakaichukua kwa ajili ya sayari.

Swali linalostahili kukaliwa ni kwa nini mafundi hawa waliojua hesabu vizuri hivyo walijinyima vioo. Jibu liko kwenye nyuso. Kila mahali mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye kioo, au kutoka kiooni kurudi hewani, takriban asilimia 4 yake hurudishwa nyuma. Lenzi ya vioo vinne vilivyotengana ina nyuso nane, na mwanga unaofika ni asilimia 72 tu. Ule uliorudishwa haupotei kwa amani. Huzungukazunguka ndani ya lenzi na kutokea kama kivuli chenye mwanga kando ya sayari, au kama ukungu unaoyafunika madoa ya Mirihi. Ndiyo maana Herschel aliipoteza mikanda ya Zohali kwenye vioo viwili, na ndiyo maana Hugo Adolph Steinheil, katika miaka ya 1880, alivigandisha vioo vyote vitatu vya lenzi yake kuwa bonge moja lenye nyuso mbili tu za kukutana na hewa. Lenzi ya Steinheil ilikuwa nyembamba ya mwono, yaani upana wa picha mbele ya jicho, lakini safi mno. Kwa karne nzima mtazamaji alilazimika kuchagua kati ya upana na usafi. Kilichoondoa sharti hilo ni ugunduzi wa mwaka 1935, pale Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipofunika uso wa kioo kwa tabaka jembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga, likafanya miale inayorudi ijifute yenyewe. Jeshi la Ujerumani lililifanya jambo hilo kuwa siri kwa muda. Leo tabaka kadhaa za namna hiyo hupunguza upotevu hadi chini ya nusu asilimia kwa kila uso. Ukiielekeza lenzi ya kisasa dirishani unaona mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, na ile ya zamani inang'aa nyeupe kama kioo cha dirisha. Tofauti hiyo inaonekana hata kwa mtu aliye sokoni bila chombo chochote.

Vita vilichangia pia upande wa upana. Heinrich Erfle wa Zeiss alibuni mwaka 1917 lenzi ya jicho ya vioo vitano kwa matumizi ya kijeshi, yenye mwono wa nyuzi 60 hivi, kwa sababu mlenga shabaha anayetazama kupitia tundu jembamba hamwoni adui anayetokea kando. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shehena za vifaa hivyo ziliuzwa Marekani kwa bei ya masalia, na watazamaji wa kawaida wakazinunua. Walikuwa tayari wanazisubiri. Tangu mwaka 1920 Russell Porter alikuwa amewafundisha wafanyakazi wa viwanda wa Springfield, Vermont, kusaga vioo vikubwa vya darubini kwa mikono, na majarida yakaeneza ujuzi huo. Kioo kikuu mtu aliweza kukisaga nyumbani kwa miezi kadhaa ya uvumilivu. Nyuso ndogo za lenzi ya jicho, zinazotakiwa kulingana kwa usahihi na kugandishwa katikati barabara, zilikuwa ngumu zaidi kwa mikono, kwa hiyo zilinunuliwa, na mara nyingi zilikuwa za kijeshi.

Kisha akaja John Dobson, ambaye mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha kutazama nyota kwenye vijia vya San Francisco. Darubini zake zilijengwa kwa mbao na mabomba ya karatasi ngumu, zikiwa na vioo vikubwa na vifupi vya fokasi, bila mota. Mapinduzi hayo ya bei yaliziumbua lenzi za zamani kwa namna mbili. Mwanga kutoka kwenye kioo kifupi huingia kwa pembe kali, na muundo wa Huygens, kama tulivyoona, hauwezi kuuhimili. Tena, bila mota anga halisimami. Mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa ukuzaji wa mara 200, kupitia lenzi ya mwono wa nyuzi 40, sayari hukatiza picha nzima kwa sekunde 48 hivi, kisha mtu asukume darubini na kusubiri itulie. Kwa lenzi ya nyuzi 82 sayari hukaa zaidi ya dakika moja na nusu. Lenzi hiyo ya nyuzi 82 ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka kwa Mmarekani Al Nagler, aliyekuwa ameshiriki kubuni vioo vya vyombo ambamo wanaanga wa Apollo walifanyia mazoezi ya kutua mwezini. Alitumia vioo saba na kuviweka mbele vile vya kubonyea, wazo lililotokana na Charles Piazzi Smyth, mwanaanga wa karne ya 19 aliyepewa jina la Piazzi yule wa Palermo. Kioo cha kubonyea, kilichomfungia Galileo anga ndani ya nyuzi 5, kikawa sehemu ya muundo uliolifungua. Bila tabaka za Smakula, vioo saba vingekuwa ukungu mtupu.

Wapo watakaosema kwamba hadithi hii inatia chumvi umuhimu wa kioo kidogo, kwani nguvu ya darubini iko kwenye kipenyo chake. Ni kweli kwamba kipenyo huweka dari. Hakuna lenzi ya jicho itakayoipa milimita 60 mwanga wa milimita 200. Lakini dari si kimo ambacho mtu amekifikia, na darubini nyingi duniani zinatumika chini sana ya uwezo wake kwa sababu ya kipande cha mwisho. Wengine, ambao ni watazamaji makini wa sayari, husema kwamba vioo vichache bado ni bora na upana ni anasa. Nusu ya neno lao naikubali. Mwenye mota inayoifuata sayari hahitaji nyuzi 82, na lenzi ya Abbe iliyotengenezwa vizuri itampa taswira isiyo na lawama kwa bei ndogo na uzito mdogo. Baadhi ya lenzi pana hufika kilo moja na huinamisha darubini nyepesi. Hata wao, hata hivyo, wanabishania usafi na upana. Hakuna kati yao anayebishania ukuzaji, na hilo linaiunga mkono hoja yangu.

Namba ya kwenye boksi ilipata nguvu katika biashara ya baada ya vita. Kuanzia miaka ya 1950 Japani ilitengeneza darubini ndogo kwa wingi kwa maduka makubwa ya nchi za Magharibi. Lenzi zake za jicho zilikuwa na bomba la milimita 24.5 na herufi zilizoashiria muundo: H kwa Huygens, R kwa Ramsden, SR kwa Ramsden ya ulinganifu. H ya milimita 20 ilifanya kazi ya kuridhisha, maana darubini hizo zilikuwa ndefu. SR ya milimita 4 ndiyo iliyozaa tarakimu kubwa, na tundu lake lilikuwa dogo kiasi cha kulazimisha kope kugusa kioo. Baadhi zilikuja pia na kichujio cha jua cha kukaza kwenye lenzi ya jicho, mahali ambapo joto lote lililokusanywa na lenzi ya mbele hukutana. Kioo hicho kinaweza kupasuka ghafla, na jicho likachomwa kabla ya mtu kukwepa. Watu walipokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kutazama jua likipatwa na kubaki kama pete, darubini yoyote ya zamani yenye kichujio cha aina hiyo ingekuwa hatari kwa mwenyewe na kwa watoto waliopanga foleni nyuma yake. Kichujio cha jua hufungwa mbele ya darubini, mwanga haujaingia. Anayekuta kile cha kukaza nyuma katika kifaa cha mtumba akivunje na kukitupa.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki anaweza kuleta pingamizi la mwisho, nalo lina msingi. Sayari hupita karibu na njia ya jua, na kwa aliye Mwanza au Mombasa hupanda karibu kila mara zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo, mara nyingi karibu na utosi. Huko London kuna miaka ambayo Mshtarii haivuki nyuzi 20, na mwanga wake hupenya hewa nene inayotokota. Kwa hiyo, atasema, sisi tuna ruhusa ya kukuza zaidi. Tunayo, na ni neema ambayo haisemwi vya kutosha katika vitabu vilivyoandikwa kaskazini. Lakini neema hiyo humfikisha mtu kwenye dari ya kipenyo chake mara nyingi zaidi, haimvushi. Mwenye milimita 60 atazitumia mara 120 zake kwa usiku mwingi kuliko mwenzake wa London, na 525 itabaki kuwa karatasi.

Kwa kioo cha milimita 200 chenye fokasi ya milimita 1,200, ambacho ni kipimo cha kawaida cha darubini za Dobson, lenzi ya Plössl ya milimita 25 yenye mwono wa nyuzi 52 hukuza mara 48 na kuonyesha anga la zaidi ya nyuzi 1, uzi wa mwanga ukiwa na milimita 4 hivi. Hiyo ndiyo ya kununua kwanza. Ya milimita 10 hufika mara 120 kwa Zohali na mwezi, na ya milimita 6 hufika 200 kwa usiku uliotulia. Plössl fupi zaidi ya hapo humsonga mtazamaji, kwani jicho hutakiwa kukaa karibu na kioo kwa umbali mdogo kuliko fokasi yenyewe, na mwenye miwani hataona kitu. Anayevaa miwani atafute miundo inayoacha nafasi ya milimita 15 hadi 20, hata kama ni ghali. Bomba liwe la milimita 31.75, kipimo ambacho darubini nyingi za leo hupokea. Lenzi nzuri haizeeki pamoja na darubini iliyonunuliwa nayo. Ile ya kwanza ikiuzwa au ikivunjika, lenzi huhamia kwenye inayofuata, na fedha iliyowekwa humo haipotei.